Kura ya Ciccio Tumeo: Mapinduzi na Wahalifu katika Il Gattopardo

Riwaya ya Il Gattopardo ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa, iliyochapishwa mwaka 1958 baada ya mwandishi kufariki, imezoeleka kusomwa kama maombolezo ya ukabaila wa Sicily. Usomaji huo humlilia kabaila Fabrizio Salina na kumsahau mrithi wake, Calogero Sedara.

Mei 1860 Garibaldi alitua Marsala, na utawala wa Bourbon ukaporomoka. Huko Donnafugata, mji wa kubuni, kinara wa mageuzi ni Sedara, tajiri mpya mwenye tamaa ya ardhi. Mwandishi hamwiti mhalifu. Anamwachia Ciccio Tumeo, mpiga kinanda wa kanisa, asimulie kwamba baba mkwe wa Sedara, aliyeanza kuwa kero, alikutwa njiani amekufa, ana majeraha 12 ya risasi mgongoni. Hakuna ushahidi wala kesi. Kuna bahati ya Sedara tu. Kimya hicho ndicho ufundi wa sura hii.

Oktoba mwaka huohuo watu wanapiga kura ya kuungana na Italia. Sedara, sasa meya, anatangaza kura 512 za ndiyo, na ya hapana hakuna hata moja. Lakini Tumeo alipiga ya hapana. Uhuru umezaliwa, na siku hiyohiyo umeibiwa.

Je, mwizi ni Sedara peke yake? Riwaya yenyewe inakanusha. Salina ndiye aliyewashauri watu wakubali. Ndiye anayemwoza mpwa wake Tancredi kwa binti Sedara. Na mjumbe wa serikali mpya anapompa kiti katika Seneti, anakikataa na kumtaja Sedara. Mhalifu hakuvunja mlango: alifunguliwa na mwenye nyumba.

Kasoro ya riwaya iko katika jicho linaloangalia. Wakulima karibu hawasemi, na Salina anaieleza Sicily kama nchi iliyolaaniwa kulala usingizi. Leopoldo Franchetti, aliyeipeleleza Sicily mwaka 1876, aliona jambo jingine: ukatili ulikuwa biashara, yenye wenyewe na wateja wao. Kinachoitwa majaaliwa na kabaila kina faida kwa mtu fulani.

Kwa hiyo mhusika wa kushikwa mkono na msomaji si Salina anayezitazama nyota, bali Tumeo, mnyonge aliyesema hapana, akahesabiwa ndiyo.