Aya za Kunywa

Sahani ya kombe, aya zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa, haitaki maua. Mwalimu wa Kidigo niliyeketi naye barazani kwake, upande wa Kwale, alizigeuzageuza tatu mwangani kabla ya kuchukua moja: nyeupe pe, ya kauri, isiyo na ufa. Ufa, alisema, hunywa wino kabla ya mgonjwa.

Wino wenyewe ni zafarani iliyolowekwa kwenye marashi. Zafarani ni ghali, na wapo wanaotumia rangi ya biriani. Nilipoitaja alikunja uso. Alichovya kalamu ya mwanzi, akaikung'uta, akaanza. Kauri huteleza. Wino ukizidi hujikusanya tone na kutiririka. Ukipungua herufi haionekani. Mkono wake ulikwenda kama wa mtu anayetia wanja, polepole, bila kurudia mstari. Ayatul Kursi ni ndefu na sahani ni duara, hivyo aliizungusha toka ukingoni kwenda ndani, akabakiza katikati mahali pa jina la mgonjwa na la mama yake. Sikuona akipima popote, na neno la mwisho lilikaa palepale.

Likafuata jedwali la nyumba tisa: 4, 9, 2; 3, 5, 7; 8, 1, 6. Jumlisha kwa kulala, kusimama au mshazari, ni 15. Lakini hakulijaza safu kwa safu. Alianza na 1 chini, akarukia 2 pembeni juu, 3 ubavuni, hadi 9, midomo ikicheza.

Masheikh wengine huyaita haya bidaa, hasa kombe likiwa la pepo na si la homa. Kwenye ngoma za pepo za pwani, pepo wa Kiarabu akishampanda mtu, yaani kiti wake, hudai kombe na marashi, kama pepo wengine wanavyodai vyao. Si mimi wa kuamua. Kinachonishika ni uangalifu wote huu kwa maandishi yasiyongoja msomaji. Waberti wa Darfur nao wana mihaya yao: aya juu ya ubao, kwa wino wa masizi na gundi ya mti, huoshwa zikanywewa.

Maandishi ya mwalimu yalipokauka, alimimina maji. Yakawa rangi ya chai changa. Alifu zikalegea kwanza. Nukta moja iligoma. Akaisugua kwa ncha ya kidole, akaongeza matone, akajaza chupa. Maji ya kusuuzia sahani aliyapeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, shinani mwa mnazi, pasipokanyagwa.