Muhuri wa Rustem Ulivyomharibu Suleiman

Kila mjadala wa tamthilia ya Kituruki ya Sultan huishia kwenye hema la Ereğli. Nani alimuua Mustafa, mwana wa Sultan Suleiman? Kijiweni Nsemulwa, hapa Mpanda, jibu hutoka kabla swali halijaisha: Hurrem, mke wa Sultan, na mkwewe Rustem Pasha, Suleiman masikini alidanganywa. Siwalaumu wanaojibu hivyo, kwa kuwa tamthilia yenyewe iliwatafunia jibu na kuwalisha. Kabla ya kifo tulionyeshwa waziwazi muhuri wa Mustafa ukighushiwa na barua ya uongo ikitumwa kwa Shah Tahmasp wa Uajemi. Uamuzi huo wa mwandishi ulikuwa mbovu kuliko wote katika vipindi 139. Dakika ile tulijua asichokijua Sultan, na mtawala aliyetutia hofu tangu msimu wa kwanza akageuka mzee anayechezewa na watu wa nyumbani mwake.

Tulirudie tukio lenyewe. Mustafa anavua silaha, anaingia hemani, wanyongaji wanamrukia, na nyuma ya pazia yupo baba anayesikia kila kitu. Halit Ergenç na Mehmet Günsür walicheza vizuri mno, hilo halina ubishi. Lakini swali kubwa la tukio limo moyoni mwa yule aliye nyuma ya pazia: anaamini kweli kuwa mwanawe ni msaliti, au anajua hana hatia na bado anamuua? Swali hilo liliuawa mapema na kile kimuhuri. Sasa fikiria muhuri usingeonyeshwa. Jibu la Shah lingefika mkononi mwa Suleiman na sisi tungelisoma pamoja naye, bila kujua lilikoanzia. Tungekumbuka jinsi jeshi la Janisari lilivyompenda Mustafa, tukamtilia shaka mtu tunayempenda, na barua iliyokutwa kifuani mwake baada ya kufa ingetupiga pamoja na baba yake. Badala yake tulikaa tukimwonea huruma aliyetoa amri.

Sababu ya kweli ya kumwogopa Mustafa ilikuwepo, tena nzito kuliko barua yoyote. Mwaka 1512 Selim, baba yake Suleiman, alimng'oa baba yake mwenyewe, Bayezid wa Pili, kwa nguvu ya Janisari haohao. Suleiman alikirithi kiti cha enzi akijua vizuri kilivyopatikana. Mtoto anayeshangiliwa na askari wakati baba anazeeka ni tishio hata akilala usingizi wa pono. Mtazamaji wa Mpanda hahitaji kughushiwa muhuri ndipo aelewe hilo. Amekulia katika nchi iliyokuwa ya watemi hadi mamlaka yao yalipofutwa mwaka 1963, na amesikia habari za Mirambo na rugaruga wake. Anajua wapiganaji wakimpenda mtu, mwenye kiti halali.

Watetezi wa waandishi wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba historia nayo inamtaja Rustem. Ni kweli alilaumiwa, na mshairi Yahya aliandika maombolezo ya kumshutumu. Lakini lawama za watu ni jambo moja, na kamera kutuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa ni jambo jingine. Balozi Busbecq, aliyefika kwa Waturuki muda mfupi baada ya mauaji ya mwaka 1553, alisimulia kuwa Suleiman alichungulia kutoka nyuma ya pazia akiwakazia macho wanyongaji waliokuwa wakisuasua. Huyo si mtu aliyepumbazwa. Hoja ya pili ni kwamba mtazamaji akiijua hila mapema, roho inamdunda zaidi. Hilo lingefaa kama mwisho ungekuwa haujulikani. Kifo cha Mustafa kimo vitabuni. Kilichobaki kutegwa ni dhamiri ya baba, na ndicho kilichotupwa.

Linganisha na kifo cha waziri mkuu Ibrahim Pasha. Kilichomwangusha mwaka 1536 kilitoka kinywani mwake: majigambo mbele ya mabalozi, kiburi kilichopandwa taratibu tangu siku ambazo mwandishi Meral Okay alikuwa hai na kalamu iko mkononi mwake. Okay alifariki mwaka 2012, Yılmaz Şahin akaendeleza kazi, na nimeshasema mara nyingi kwamba tangu hapo hila zilianza kuchukua nafasi ya tabia. Hurrem aliongeza kuni, ndiyo, lakini moto ulikuwa wa Ibrahim na Suleiman. Ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana kuhusu kifo kile. Na tukirudi nyumbani, Ebrahim Hussein alishatufundisha jambo hili mwaka 1969. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile, mganga anaingia mtoni na kutoka, na sisi hatuonyeshwi kamwe kilichotokea chini ya maji. Shaka inayomtafuna Kinjeketile inatutafuna na sisi, kwa sababu hatujui zaidi yake. Hussein angeweza kumwonyesha Hongo, pepo wa mtoni. Alikataa.

Anayeshikilia bado kwamba Suleiman alidanganywa ana deni la kujibu jambo moja. Baada ya mauaji, Janisari walipochachamaa, Rustem aliondolewa uwaziri mkuu. Mwaka 1555, Suleiman huyohuyo alimrudisha.