Kidole Gumba cha Padri

Kichupa cha mafuta ya wagonjwa ni kidogo, chafichika kiganjani. Ni cha chuma, kifuniko chake cha kuzungusha, na ndani mna pamba iliyolowa mafuta, ili hata padri akirushwarushwa na pikipiki njia nzima lisimwagike tone. Mara nyingi kimechorwa herufi OI, kifupisho cha Kilatini, kisije kikachanganywa na kile cha krisma au cha wakatekumeni. Mafuta yenyewe yalibarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, kisha kila parokia ikachukua fungu lake.

Padri anayeijua kazi ya kuwapaka wagonjwa mafuta hutambulika tangu mlangoni. Ndugu wamejaa chumbani, lakini yeye humsalimu mgonjwa kwanza, tena kwa jina lake. Mgonjwa akitaka kuungama, wengine huombwa wapishe kidogo. Wakirudi, sala inaanza mbele ya meza ndogo ambayo akina mama wa jumuiya wameshaitandika kitambaa cheupe, wakaweka msalaba na mshumaa. Linasomwa neno fupi la Maandiko, mara nyingi lile la Waraka wa Yakobo, sura ya 5, linalowaagiza wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa.

Kisha padri anamwekea mgonjwa mikono kichwani, bila kusema neno. Hapo ndipo wenye pupa hujulikana, kwa maana kugusa kichwa na kuondoa mkono ni rahisi. Kutulia pale hadi mgonjwa mwenyewe ahisi uzito wa mkono ni ustadi.

Ndipo kidole gumba kinapogusa pamba. Kinachora msalaba kwenye paji la uso, kwa sehemu ya kwanza ya sala. Mgonjwa anaitika Amina. Sehemu ya pili ni ya mikono. Mkono wa mgonjwa wa siku nyingi huwa umejikunja, au una sindano ya dripu. Padri mzoefu haulazimishi. Anaukunjua kidole kimoja kimoja, anapaka kiganja, anaurudisha taratibu juu ya shuka. Desturi ya zamani ilitaka padri mwenzake apakwe nyuma ya mikono, kwa kuwa viganja vyake vilishapakwa siku ya upadrisho.

Zamani hizo wagonjwa walipakwa macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alibakiza paji la uso na mikono, na katika dharura paji peke yake latosha. Aliruhusu pia mafuta ya mimea mingine pale ambapo ya zeituni ni shida kupatikana. Ishara zimepungua, kwa hiyo kila moja iliyobaki inadai kufanywa vizuri.

Wapo bado wanaomwona padri na kichupa chake wakaanza kulia msiba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema sakramenti hii ya mpako wa wagonjwa si ya wanaokata roho tu. Ni ya mwenye ugonjwa mzito, ya mzee aliyedhoofika, ya anayesubiri upasuaji mkubwa, na yaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Katekista anaweza kusali na mgonjwa, lakini hawezi kumpaka. Hiyo ni kazi ya padri au askofu. Basi mwiteni padri mapema, mgonjwa akiwa bado ana nguvu ya kuitika Amina mwenyewe.