Pongezi kwa Mafundi wa Viti vya Magari
Nairobi, ambako vipuri vilivyotumika huuzwa kwa wingi kwenye Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, fundi anayeng'oa viti vya kitambaa na kufunga vya ngozi kutoka gari lililobomolewa anastahili heshima zaidi kuliko anayopewa. Kufungua bolti si kazi kubwa. Umahiri wake uko chini ya kiti, kwenye soketi ya manjano ya mfuko wa hewa, yaani puto linalofumuka ubavuni mwa abiria gari linapogongwa, ambayo fundi makini haigusi kabla ya kuchomoa betri na kusubiri dakika kadhaa ili umeme uliosalia uishe. Ngozi iliyopasuka, aghalabu upande anakopandia dereva, hushonewa kipande kingine, ingawa rangi, kusema kweli, hailingani daima.