Bakapu Inayoshuka Yenyewe

Bakapu ni data ya ajabu: huandikwa kila usiku, na mwenyewe huomba asije akalazimika kuisoma. Kuilaza kwenye hifadhi ya bei ya juu miaka nenda miaka rudi ni hasara tupu.

Kuna mafundi waliolifikiria hilo zamani. Mtambo wa IBM 3850, wa mwaka 1974, ulipanga katriji za tepu ndani ya vijumba vya pembe sita. Data ikihitajika, mkono wa mashine ulivuta katriji na yaliyomo yakanakiliwa kwenye diski. Leo mkono hauonekani. Katika S3, ghala la wingu la Amazon, mpango uitwao Intelligent-Tiering, uliozinduliwa mwaka 2018, huhesabu siku tu. Faili isiyosomwa kwa siku 30 hushuka daraja la pili. Zikifika siku 90 huenda la tatu, ambako bei haifiki hata robo ya ile ya juu. Ikisomwa, hupanda tena. Jina lake ni lilelile, njia ya kuifikia ni ileile, na programu ya bakapu haina habari kwamba kuna kilichohama. Kwangu mimi, utulivu huo ndio ufundi wenyewe.

Faili zisizofika kilobaiti 128 hubaki juu daima, hazichungwi. Ndiyo maana programu kama restic hufaa hapa: hukusanya vipande vidogo vya data katika mafurushi ya takriban megabaiti 16, na furushi la ukubwa huo linastahili kuhesabiwa siku. Bakapu inayofutwa kabla ya mwezi kuisha haina faida yoyote humu; inalipiwa ada ya uangalizi bure, ingawa ada yenyewe ni ndogo.

Penye utamu ni kwenye ukaguzi. Fundi makini hataki kuamini tu kwamba bakapu ni nzima, huisoma. Lakini restic ikiamriwa kusoma kila kitu kwa mkupuo mmoja, ghala zima hupanda daraja la kwanza, na bili hupanda nalo. Mashine haiwezi kutofautisha mkaguzi na mwenye shida. Kwa hiyo fundi huigawa hazina mafungu 12, akakagua fungu moja kila mwezi. Mwaka ukizunguka, ukiacha bakapu mpya, fungu moja liko juu, mawili yako daraja la pili, na tisa yamelala chini, kila moja likisubiri zamu yake. Hakuandika kanuni hata moja ya kuyahamisha. Alipanga ratiba ya kusoma, mengine yakafuata.

Yapo pia madaraja ya chini zaidi, ya hiari, ambako kurudishiwa faili huweza kuchukua hadi saa 12, na restic ikiligonga furushi lililolala huko hupata kosa badala ya data. Hayo ameyaacha yamezimwa.