Tadbiri ya Chungu katika Nachingwea na Ruangwa

Jina la Nachingwea likitajwa katika tarikhi, aghalabu hutajwa pamoja na karanga na hasara. Kwani ni katika nyika hii, kama Kongwa na Urambo, serikali ya Uingereza ilipojaribu tangu mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta, ili raia zake waliokuwa bado wakipimiwa mafuta ya kupikia baada ya vita wapate kushiba, ikatumia pauni zipatazo milioni 36, ikajenga hata reli, kisha mwaka 1951 ikauacha mradi wote. Ni nadra kukumbukwa kwamba shauri lile kubwa lilikuwa, katika asili yake, shauri la jikoni. Shauri la jikoni la wenyeji lilikuwapo kabla yake na lipo hata leo, nalo lastahili kuchambuliwa zaidi, maana lilifaulu.

Msingi wake ni muhogo, zao lisilodai mbolea wala mvua nyingi, nalo hukubali kungoja ardhini mpaka lihitajiwe. Walakini muhogo una protini haba, na ule mchungu una sumu ya sianidi iliyofungwa ndani ya chembe zake. Moto peke yake hauifungui. Huifungua kimeng'enya kilichomo katika muhogo wenyewe, illa viwili hivi hukaa mbalimbali maadamu chembe ni nzima, na kila tendo liupondalo muhogo huvikutanisha, sumu ikatoka kuwa hewa. Hapo ndipo hekima ya kinu ilipo. Makopa, yanayomenywa, kupasuliwa na kuanikwa hivi hivi, ni kazi nyepesi kuliko zote na husafika kwa uchache kuliko zote; chinyanya, kinachopondwa kabla ya kukauka, huyapita; na kivunde, kinachorowekwa siku kadhaa mpaka kikachacha, ndicho bora. Aliye na unga wa makopa tayari bado ana njia: aulowanishe kwa maji, autandaze wembamba juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, kisha ausonge siku ile ile. Njia hii ilifundishwa mkoani Mtwara, baada ya kuzuka huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maradhi ya konzo, ambayo hupoozesha miguu ghafla na kutoirejesha tena. Konzo humwandama mtu alaye muhogo mchungu usiosafishwa ilhali amekosa protini. Kwa hiyo mboga iliyo kando ya ugali ule si ya kuteremshia tonge tu.

Mboga hiyo, kwa mwenye fedha kidogo, ni kisamvu cha karanga. Majani hutwangwa kwa sababu ile ile itwangiwayo mizizi, huchemshwa chungu kikiwa wazi, na karanga zilizopondwa hutiwa mwishoni, kwa moto mdogo, huku mwiko ukizunguka, maana hushika chini upesi. Karanga ni robo protini na karibu nusu mafuta, na pasipo mafuta mwili huipata kwa shida ile vitamini A iliyomo katika majani. Hivyo gao moja hufanya kazi ya nyama na ya chupa ya mafuta kwa pamoja. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimetoa hata mbegu ya karanga iitwayo Nachingwea 2009, jambo ambalo mabwana wa matrekta wangelifurahia. Lakini punje zilizosinyaa au kuota ukungu zitupwe bila huruma, kwani sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni.

Juu ya mbaazi nina neno la lawama. Tangu India ilipozuia uingizaji wake mwaka 2017 na bei ikaanguka, ilidhihirika kwamba zao hili lilikuwa limekwisha kugeuka fedha tupu machoni mwa watu. Hata sasa, mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ukifunguliwa, nyumba nyingine huuza mpaka gunia la mwisho, kisha hununua maharage dukani kwa bei ya juu. Mbaazi zina ile sehemu ya protini ambayo mahindi yamepungukiwa, na ugali wa mahindi huzilipa kwa yake. Zilale majini usiku kucha ili kuni zipungue, na ndimu au nyanya zitiwe zikisha kuiva, maana uchachu huzichelewesha kulainika.

Limebaki bibo, ambalo katika mashamba ya Ruangwa huachwa chini ya mkorosho baada ya korosho kunyofolewa, ingawa lina vitamini C mara kadhaa zaidi kuliko chungwa, na vitamini hiyo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi na kisamvu. Ukakasi wake hupungua maji yake yakichanganywa na wanga kidogo, yakaachwa yatulie, na ya juu yakachujwa. Watoto wapewe mchana ule ule pamoja na chakula, kwa kuwa yakilala hugeuka kinywaji cha watu wazima.