Wachambuaji wa Tumbaku wa Buha

Bani la mwisho, yaani nyumba ya kukaushia majani, likishazimwa moto, mpita njia wa Kasulu au Kibondo, huku Buha, hudhani msimu wa tumbaku umekwisha. Kumbe kazi ninayoipenda kuliko zote ndiyo kwanza inaanza: kuchambua.

Tumbaku ya huku ni ya mvuke. Tofauti na ile ya Songea na Namtumbo inayokaushwa kwa moshi, hii hukaushwa kwa joto la mabomba yanayopita ndani ya bani, moshi ukitokea nje. Hukaa humo karibu wiki nzima. Joto huanza chini ili jani ligeuke njano, kisha hupandishwa taratibu ubapa ukauke, na mwisho hufika nyuzi 70 hivi ili mshipa mnene wa katikati nao ukauke. Likitoka hapo jani huvunjika kwa kuguswa tu, basi milango huachwa wazi usiku liingie unyevu.

Unyevu huo ndio mtihani wa kwanza. Mchambuaji hufumbata majani machache kisha huyaachia. Yakifunguka polepole bila kupasuka, huku mshipa ukivunjika upande wa kikonyo, yako tayari. Yakiwa makavu mno yatasagika. Yakiwa mabichi mno yataota ukungu yakishafungwa ndani ya mtumba, na hasara hiyo haina dawa.

Halafu kila jani husomwa lilipotoka. Tumbaku huchumwa kuanzia chini kwenda juu, machache kwa kila mche kila wiki, kwa hiyo mkulima makini hutenga mavuno ya kila bani. Hata yakichanganyika, vidole havidanganyiki. Majani ya chini ni mepesi, yana mchanga, na mara nyingi yamechubuka. Ya katikati ni mapana na laini. Ya juu ni mazito, yana mafuta, yanashika vidole.

Rangi ndiyo inayomchosha mtu. Kuna njano ya limau, kuna ya chungwa, kuna inayoelekea hudhurungi, na kati ya hizo zimo nyingi ambazo jicho la mgeni haliwezi kuzitenga. Ukijani unasema jani lilichumwa changa au joto lilipandishwa haraka. Wekundu wa kuungua unasema moto ulizidi mwishoni. Weusi wa kahawia unasema unyevu ulikaa bani kupita kiasi. Kwa hiyo anayechambua anajua makosa ya usiku ule wa kuchochea moto, hata kama yeye alikuwa amelala. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mchana, kivulini, penye mwanga mweupe: jua kali hukausha jani, na taa ya usiku hulipaka kila jani unjano wa uongo.

Mafungu hukua pembeni, na mikono haisimami. Mara nyingi ni mikono ya akina mama na vijana wao, lakini namba inayoandikwa kwenye mtumba ni ya mkulima aliyesajiliwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Naona hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Majani ya daraja moja hupangwa vikonyo vikitazama nje na ncha zikikutana katikati, hushindiliwa, kisha hufungwa kwa gunia. Unyoya wa kuku, uzi wa nailoni au kipande cha mfuko ukipatikana ndani, mtumba mzima hushushwa thamani au hukataliwa. Sokoni mteuzi wa Bodi ya Tumbaku hupita kwenye safu, huchomoa jani kutoka tumboni mwa mtumba, hulikunjua, hulinusa, na kutamka daraja. Hapo familia husubiri kusikia kama mteuzi ameona walichokiona wao. Wachambuaji hodari niliowaheshimu zaidi ni wale ambao mteuzi akichomoa jani la katikati na jani la ukingoni mwa mtumba wao, hawezi kuyatofautisha.